Baada ya Cobain, nani alikuwa na koo kweli?

Kuna watu ukiwatajia Nickelback wanaanza kucheka kabla hujamaliza kulitamka hilo jina. Ukiwatajia Creed ndiyo kabisa, wanakuangalia kama mtu aliyetia chumvi kwenye chai ya wageni. Nimeshawazoea. Lakini leo, wadau, naomba hao wacheshi watupishe kidogo, tujadili jambo ambalo limekuwa likiniwasha siku nyingi: katika ule muziki wa roki uliokuja baada ya grunji, ambao waandishi wa Marekani waliubatiza post-grunge, nani hasa walikuwa waimbaji? Sisemi bendi. Sisemi albamu iliyouza, maana mauzo yana hesabu zake na hayahitaji ubishi. Nasema koo.

Kwa wale ambao hawakuwahi kuufuatilia muziki huu, nieleze kwa kifupi halafu tusonge. Mwaka 1991 zilitoka albamu mbili zilizobadili kila kitu: Ten ya Pearl Jam mwezi Agosti, na Nevermind ya Nirvana mwezi Septemba. Zote za vijana wa jimbo la Washington, kule kaskazini-magharibi mwa Marekani. Magitaa machafu, nguo za mitumba, mashairi ya huzuni. Aprili 1994 Kurt Cobain wa Nirvana akajiua akiwa na miaka 27. Lakini makampuni ya kurekodi yalikuwa yameshaonja hela, na hayakuwa tayari kuizika biashara pamoja na marehemu. Ndipo wakaja Bush kutoka London na Sixteen Stone mwaka huohuo wa 1994, wakaja Live kutoka York, Pennsylvania, na Throwing Copper, wakaja Collective Soul kutoka Georgia. Nyuma yao wakafuata kina Creed, 3 Doors Down, Nickelback, Staind, Seether, Shinedown. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 redio za roki za Marekani zilikuwa zimejaa hao tu.

Shutuma waliyobebeshwa ni moja: hawa ni waigaji. Na kuiga kwenyewe, ukisikiliza vizuri, hakukuwa kwenye gitaa. Kulikuwa kwenye koo.

Chimbuko lake ni Eddie Vedder wa Pearl Jam. Yule bwana ana sauti nene ya baritoni, na ana namna yake ya kulishusha koromeo na kuzungusha maneno mdomoni kabla ya kuyatoa, kiasi kwamba irabu zinabadilika rangi. Jaribu mwenyewe hapo ulipo: fungua koo kama mtu anayetaka kupiga miayo, halafu tamka "a". Itatoka kitu kilicho kati ya "a" na "o", kizito, kama kinatoka ndani ya mtungi. Wamarekani wamelitungia neno la kejeli, "yarl". Kwa Vedder jambo hilo lilikuwa la asili yake. Kwa waliomfuata likawa sare ya shule. Kwa miaka kumi hivi kila kijana mwenye gitaa na huzuni aliimba kama ana kiazi cha moto mdomoni.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni hiki: je, nikizima magitaa yote, nitamjua huyu ni nani kabla ya mstari wa pili? Wengi wanaangukia hapa. Naziheshimu nyimbo za Puddle of Mudd za mwaka 2001, hasa ule Wes Scantlin alioimba akimfikiria mwanawe, lakini koo lilikuwa la kuazima, na la kuazima hurudishwa. Mwaka 2020 aliimba wimbo mmoja wa Nirvana ndani ya studio ya redio, bila makelele ya kumficha, na dunia nzima ya intaneti ikamcheka kwa wiki kadhaa. Sikupenda kile kicheko, kilikuwa na ukatili ndani yake. Ila sauti ilikuwa imekwenda, huo ndio ukweli.

Kipimo cha pili: bila umeme. Ondoa amplifaya, mpe kiti na gitaa la mbao, tuone. Miaka ile studio zilikuwa na ujanja mwingi. Sauti moja inarekodiwa mara mbili au tatu na kulazwa juu ya nyingine ili ionekane pana, na tangu 1997 kulikuwa na programu ya Auto-Tune ya kunyoosha noti zilizopinda. Mtu anaweza kuwa simba kwenye CD na paka jukwaani.

Kipimo cha tatu nitakisema mbele, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike.

Nianze na mtu ambaye wengine watasema si wa orodha hii: Scott Weiland wa Stone Temple Pilots. Albamu yao ya kwanza, Core, ilitoka 1992, grunji yenyewe ikiwa bado ya moto. Lakini wao walitoka California, na walitukanwa kwa kuiga kabla hata kuiga hakujawa fasheni. Kuna kituko nakipenda sana: Januari 1994 jarida la Rolling Stone lilitoa kura za mwaka. Wasomaji waliwachagua Stone Temple Pilots kuwa bendi bora mpya. Wahakiki, katika toleo hilohilo, wakawachagua kuwa bendi mbovu kuliko zote mpya! Sasa nani alikuwa sahihi?

Wasomaji, bila kupepesa macho. Kwenye Core ni kweli Weiland anaimba kwa uzito ule wa Vedder. Lakini msikilize kwenye Purple ya 1994, halafu msikilize kwenye albamu ya tatu ya 1996. Kote ni yeye, lakini kila wimbo amevaa sauti nyingine: mara analainisha kama mwimbaji wa klabu za usiku, mara anabana pua kama Muingereza wa miaka ya 70, mara anakwaruza. Kinyonga. Waigaji huiga mtu mmoja. Weiland aliiga kila kitu mpaka kile kitendo cha kuiga kikawa chake. Alipoingia Velvet Revolver na kina Slash akatoa sauti nyingine tena.

Haya, tuje nyumbani kidogo. Ninaposema nyumbani nina maana ya bara letu, kwa sababu mmoja wa waimbaji wakubwa wa muziki huu ni mtoto wa Afrika Kusini. Shaun Morgan na wenzake walianzisha bendi Pretoria mwaka 1999, wakaiita Saron Gas, wakatoa albamu ya Fragile mwaka 2000. Kampuni ya Wind-up ya Marekani, ileile iliyokuwa na Creed, ikawaona ikawachukua. Jina likabidi libadilishwe, kwa sababu likitamkwa linafanana mno na sarin, ile gesi ya sumu. Wakawa Seether, na mwaka 2002 wakatoa Disclaimer.

Seether walikuwa mtihani mgumu kwa wale wanaosema mtu lazima awe ametoka Seattle ili aimbe hivi. Pretoria ni mbali na Seattle, jamani. Lakini Morgan ana kitu ambacho Wamarekani wengi wa zama zake hawakuwa nacho: anajua kuimba polepole bila kujifanya. Anaanza karibu na kunong'ona, sauti ina ufa mdogo katikati kama kikombe kilichoanguka kikaokotwa kizima, na akija kupiga kelele, kelele zinatoka mahali palepale noti ilipokuwa. Hapo kuna tofauti kubwa na mtu anayebadili gia.

Ushahidi wangu ni Februari 2006, Philadelphia. Morgan alikuwa anaumwa tumbo, asingeweza kupiga shoo ya kelele. Badala ya kuahirisha, bendi ikakaa chini na kupiga nyimbo zake bila umeme. Kile kilichorekodiwa usiku ule kilitoka mwaka huohuo kwa jina la One Cold Night. Mgonjwa, gitaa la mbao, watu mbele yake, hakuna pa kujificha. Ukitaka kujua kama Shaun Morgan ni mwimbaji, usianze na albamu za studio. Anza na hiyo.

Wa Marekani aliyefanya jambo la namna hiyo mapema zaidi ni Aaron Lewis wa Staind. Mwaka 1999 kule Biloxi, Mississippi, alikaa na gitaa moja, Fred Durst wa Limp Bizkit akiwa pembeni yake, akaimba wimbo uitwao Outside mbele ya umati uliokuja kurukaruka. Umati ukatulia. Rekodi ya usiku ule ndiyo iliyopigwa redioni, na miaka miwili baadaye albamu ya Break the Cycle ikawafanya matajiri. Lewis ana chini nzito na nzuri sana. Tatizo lake ni moja: hana hali nyingine. Akiimba kuhusu mapenzi amehuzunika, akiimba kuhusu watoto wake amehuzunika. Tangu 2011 amekuwa akitoa pia albamu za kantri, na kwa masikio yangu anakaa vizuri zaidi huko.

Brad Arnold wa 3 Doors Down nitamsema kwa heshima. Kijana wa Escatawpa, Mississippi, aliyeandika Kryptonite akiwa na miaka 15 darasani kwenye kipindi cha hesabu. Kwenye albamu ya kwanza ya mwaka 2000 aliimba na kupiga drams yeye mwenyewe, na nadhani ndiyo maana maneno yake yalikaa juu ya mapigo kwa usahihi ule. Hakuwa na sauti kubwa. Alikuwa na sauti ya jirani, ya mtu anayekusimulia kitu barazani, na hakuzungusha irabu. Mei 2025 alitangaza kwamba ana saratani ya figo iliyofika hatua ya 4, na bendi ikafuta ziara yake. Siku ile niliusikiliza tena ule wimbo mara tatu.

Sasa tufike kwenye nyama yenyewe.

Watafiti wa dawa wana bahati. Wakitaka kujua kama dawa inafanya kazi, wanagawa wagonjwa makundi mawili, hawa wanapewa, hawa hawapewi, kisha wanalinganisha. Kwenye muziki huwezi. Huwezi kuchukua bendi moja, wapigaji walewale, mtunzi yuleyule, ukabadilisha mwimbaji tu ili upime uzito wa koo. Isipokuwa mara moja jambo hilo lilitokea lenyewe.

Creed walivunjika mwaka 2004. Walikuwa wameuza kupita kiasi: Human Clay ya 1999 peke yake imethibitishwa kuuza zaidi ya nakala milioni 10 nchini Marekani. Mpiga gitaa Mark Tremonti, mpiga drams Scott Phillips na mpiga besi Brian Marshall wakaungana tena, wakamwacha mwimbaji Scott Stapp, wakamchukua Myles Kennedy wa Spokane, Washington. Wakajiita Alter Bridge. Vidole vilevile, mikono ileile kwenye ngoma. Koo tu ndilo lililobadilika.

Matokeo? Alter Bridge wametengeneza muziki bora zaidi, na wameuza sehemu ndogo tu ya walichouza Creed. Hapo ndipo ubishi wote wa "mwimbaji bora" unapolala, na watu wanaoutatua kwa sentensi moja hawajausikiliza.

Tumchukue Kennedy kwanza. Huyu alisomea jazi, alifundisha gitaa, aliimba kwenye bendi iliyoitwa The Mayfield Four ambayo ilitoa albamu mbili, 1998 na 2001, ikafa kimyakimya. Ni teno. Katika kundi la wanaume wote wanaoimba kutoka kifuani kama wamebebeshwa gunia, yeye anaelea juu. Anaweza kushika noti ya juu, akaipunguza mpaka ikawa uzi, akairudisha. Albamu ya pili ya Alter Bridge, Blackbird ya 2007, ina wimbo wenye jina hilohilo unaokaribia dakika 8, na yeye anaupandisha ngazi kwa ngazi bila kuchoka wala kukuchosha. Mwaka 2008, baada ya lile onyesho la Led Zeppelin la London, Jimmy Page, John Paul Jones na Jason Bonham walifanya mazoezi na mwimbaji mwingine kwa sababu Robert Plant hakutaka kuendelea. Mwimbaji huyo alikuwa Kennedy. Mradi haukutoka. Lakini hebu fikiria mwenyewe ni nani anayepigiwa simu na Jimmy Page. Na mwaka 2012 Guns N' Roses walipoingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Rock and Roll, Axl Rose akakataa kuja, aliyesimama kuimba nafasi yake ni huyuhuyu.

Wanaompinga wana hoja moja, na si ya kijinga. Wanasema Kennedy ni msafi mno. Hana uchafu. Roki ya namna hii inataka mtu anayevuja damu, na huyu anaimba kama amelala saa nane na kunywa maji ya kutosha.

Wanaosema hivyo wasikilize Year of the Tiger, albamu yake binafsi ya 2018. Baba yake alifariki mwaka 1974, mwaka wa chui milia kwa kalenda ya Kichina, Kennedy akiwa na miaka minne. Ugonjwa ulikuwa kidole tumbo, kitu ambacho daktari angekikata, lakini imani ya baba ilimkataza matibabu. Kennedy alibeba jambo hilo zaidi ya miaka 40 kabla hajaliimba albamu nzima. Na akaliimba bila kupiga makelele, akalimaliza akiwa na afya yake. Damu ipo. Hajaiweka dirishani.

Na Stapp je? Nitawashangaza: simdharau. Sauti yake haina eneo kubwa, anaimba karibu kila mstari kama anapanda mlima na msalaba, na ile "yarl" kwake ilifika kiwango cha vichekesho. Desemba 29, 2002, karibu na Chicago, alipanda jukwaani katika hali ambayo mashabiki wanne walikwenda mahakamani mwaka uliofuata kudai warudishiwe fedha, wakisema hakuwa na uwezo wa kuimba. Kesi ilitupwa. Mwaka 2014 alirekodi video akieleza kwamba amefilisika na analala hotelini. Baadaye alieleza kuwa madaktari walimkuta na maradhi ya akili, akatibiwa, akarudi.

Lakini mwaka 2023 timu ya besiboli ya Texas Rangers ilianza kuimba Higher ya Creed kama wimbo wao wa bahati, na ikaenda mpaka ikachukua ubingwa wa Marekani. Uwanja mzima unaimba. Mwaka 2024 bendi ikarudi barabarani na watu wakajaa. Kwa nini? Kwa sababu wimbo wa Stapp unaimbika. Wewe, mimi, shangazi yako, yeyote mwenye sauti ya kawaida anaweza kuingia chini ya ile sauti nene akabebwa nayo. Jaribu kuimba na Kennedy uone kama hutakohoa. Sauti inayokaribisha watu elfu hamsini nayo ni kipaji, na wasomi wa muziki hawakipimi kwa sababu hawana rula yake. Mimi bado nasema Kennedy ni mwimbaji bora kuliko Stapp, tena kwa mbali. Nakataa tu kusema Stapp hakuwa na kitu.

Na sasa kile kipimo cha tatu.

Hesabu nami. Layne Staley wa Alice in Chains, yule ambaye karibu kila mmoja wa hawa vijana alitaka kuimba kama yeye, alifariki Aprili 5, 2002, kwa dawa za kulevya. Weiland alikutwa amekufa ndani ya basi la ziara, Desemba 3, 2015, miaka 48. Chris Cornell wa Soundgarden na Audioslave, ambaye kwa uwezo mtupu wa sauti aliwapita wote ninaowataja leo, alijiua Mei 18, 2017, saa chache baada ya kupiga shoo Detroit. Chester Bennington wa Linkin Park, aliyewahi pia kuwa mwimbaji wa Stone Temple Pilots baada ya Weiland, aliimba kwenye maziko ya Cornell. Miezi miwili baadaye, Julai 20, siku ambayo Cornell angetimiza miaka 53, naye akajiua.

Ndugu zanguni, sisi mashabiki tulikuwa tunafanya nini muda wote huo? Tulikuwa tunagawa alama. Huyu uchungu wake ni wa kweli, yule anaigiza. Huyu anaumia kweli, mwongezee. Tulimpima mwimbaji kwa jinsi alivyokaribia kaburi, na alipoingia tukasema tulijua, sauti ile haikuwa ya kuigiza. Waliobaki hai tukawaita feki. Mimi kipimo hicho nakikataa, na si kwa sababu za upole tu. Nakikataa kwa sababu ni kibovu hata kama kipimo cha muziki.

Mfano uko wazi. Adam Gontier wa Three Days Grace, kijana wa Norwood, Ontario, kule Kanada, aliingia kituo cha tiba Toronto mwaka 2005 kwa sababu ya uraibu wa dawa za maumivu. One-X, albamu iliyotoka 2006, aliianzia humo ndani. Linganisha sauti yake ya albamu ya kwanza ya 2003 na hiyo. Ile ya mwanzo ni hasira iliyobanwa. Hii ya pili ina pumzi, ina shabaha, anajua anakwenda wapi kila mstari. Alipopona ndipo alipoimba vizuri. Alitoka kwenye bendi Januari 2013, Matt Walst akashika nafasi, na tangu 2024 wanaimba wote wawili jukwaa moja, jambo ambalo nilidhani lingekuwa vurugu na kumbe linapendeza.

Brent Smith wa Shinedown naye ni hivyohivyo. Alipigana na uraibu miaka mingi, akabadili maisha yake, na sauti ikaongezeka ukubwa. Yeye ndiye mwenye mapafu makubwa kuliko wote walio hai katika orodha hii, ingawa wakati mwingine natamani mtu amwambie kwamba si kila wimbo lazima ufike paa.

Kabla sijamaliza, akina dada. Kila orodha ya waimbaji wa post-grunji niliyowahi kuisoma ni ya wanaume watupu, kana kwamba huzuni ina ndevu. Alanis Morissette alitoa Jagged Little Pill mwaka 1995, na hasira iliyomo mle inawatosha Staind na Creed kwa pamoja. Lacey Sturm wa Flyleaf, kwenye albamu yao ya 2005, anatoka kwenye wimbo mtamu kwenda kwenye ukelele wa kupasua mabati ndani ya pumzi moja, na wanaume wengi wa zama zile walihitaji studio kufanya hivyo. Taylor Momsen wa The Pretty Reckless ana mkwaruzo ambao haukuigwa kwa Vedder wala kwa yeyote. Bendi yake ndiyo iliyofungua shoo ya Soundgarden usiku ule wa mwisho wa Cornell, na albamu waliyotoa 2021 ina kilio cha mtu aliyezika zaidi ya mmoja. Kwa nini hawamo kwenye orodha zenu? Nasubiri jibu lenye akili.

Na Chad Kroeger, maana najua mlimngoja. Silver Side Up ilitoka Septemba 11, 2001, siku ile ile, na bado ikauza mamilioni. Kuna jamaa aliwahi kuchukua wimbo wao wa 2001 akauweka sikio la kushoto, na wa 2003 sikio la kulia, vikaenda sambamba kama mapacha. Nilicheka sana. Lakini hilo ni kosa la mtunzi. Koo la Kroeger ni lake, limekwaruzika kwa namna ambayo hujawahi kuisikia kwa mtu mwingine kabla yake, na ukiniwekea sekunde mbili nitakutajia jina. Kipimo cha kwanza amekipita. Cha pili amekipita nusu. Hiyo inamweka juu ya nusu ya watu wanaomcheka.

Basi, orodha yangu. Cornell simuweki, huyo ni wa kizazi cha baba zao, kumshindanisha na watoto ni uonevu. Wa kwanza Myles Kennedy. Wa pili Scott Weiland. Wa tatu Shaun Morgan, na naapa sijampendelea kwa sababu ya Pretoria, au nimempendelea kidogo tu. Wa nne Lacey Sturm. Wa tano nimewaacha Gontier na Brent Smith wagombanie wenyewe. Anayetaka kumtoa Weiland kwenye hiyo nafasi ya pili aje na wimbo mkononi, asije na hesabu za mauzo.